Ubani

Salalah, mwaka wa seng'enge.
Mji mzima umezungushiwa waya
kama kitalu cha mchicha kinachoogopa kuku,
lango linafungwa kabla ya magharibi,
na sisi, wasichana wanne wa chumba cha nyuma ya hospitali,
tuna ufunguo mmoja, karabai moja,
na viatu vya mchuchumio jozi moja, vya Muzna,
alivyovinunua Mombasa akidhani anakwenda kuishi mjini.
Tulivivaa kwa zamu.
Ghaniya mguu mdogo, alijazia pamba ya wodini.

Watatu tumezaliwa Unguja.
Tumerudi nyumbani, wanasema,
nyumbani ambako hatujui hata neno la kuombea chumvi.
Wa nne ni Tuful, binti wa milimani.
Lugha yake ina sauti zinazotokea ubavuni mwa mdomo;
tukizijaribu tunatema mate,
naye anacheka mpaka anashika ukuta.
Sisi tulimfundisha Kiswahili:
kwanza "polepole", kisha matusi mawili,
kisha "shoga yangu",
akawa anamwita hivyo kila mtu, hata daktari Mhindi.

Usiku makombora yakitua upande wa uwanja wa ndege
tunaingia uvunguni.
Muzna anahesabu kwa sauti.
Ghaniya anasema, "Wallahi nikifa leo mnisuke kwanza,
sizikwi na kichwa hiki."
Tuful hasemi. Anasikiliza.
Kwa mlio tu anajua ni bonde gani limetema.

Kaka yake yuko kule juu na wanaopiga.
Binamu yake Muzna yuko huku chini na wanaopigwa,
na asubuhi ndege zikiruka, kinyume chake.
Hilo halikuzungumzwa.
Lilikaa chumbani kama kitanda cha tano,
tukifagia tunalizunguka.

Mara moja tu aliniuliza,
msimu wa khareef, mvua ile isiyonyesha wala isiyokata,
godoro limelowa, chumvi imelowa, kiberiti hakiwaki:
"Shoga yangu, wewe ndiye unayepokea wanaoshushwa kutoka mlimani.
Ukimwona mwenye kovu hapa,"
akagusa nyusi yake ya kushoto,
"mbuzi alimpiga pembe, alikuwa mdogo,
utaniambia?"
Nikasema ndiyo.
Ningesema nini?

Jumanne wakashushwa watatu, turubai moja.
Wa tatu kijana, kucha zake safi,
kama mtu aliyetoka kula kwao.
Damu na matope vimegandia paji lote la uso.
Maji yalikuwepo.
Pamba ilikuwepo.
Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu.
Nikamfunika.
Nisipofuta sijui, nisipojua sidanganyi:
hesabu ya mtoto anayefumba macho
akadhani amejificha.

Usiku ule Tuful akaja na kitu kwenye pembe ya shela yake,
punje nyeupe zenye ukijani kwa mbali,
za mti wa mama yake, amezitunza tangu kiangazi.
"Hizi kwenu mnaziitaje?"
"Ubani," nikamwambia.
Akalitamka sawasawa, mara ya kwanza.
Sikumwambia kwamba kwetu neno hilo lina mlango wa nyuma:
ndiyo pesa unayomtia mfiwa kiganjani
ukiwa huna la kusema.

Tukauchoma.
Ghaniya akafukiza nywele, Muzna akafukiza viatu,
tukamcheka, tukacheka kupita kiasi.
Kisha Tuful akakaa sakafuni, mgongo kwenye magoti yangu,
nimsuke.

"Mbona mikono inatetemeka?"

"Baridi."

Moshi ulikuwa umejaa chumba, na hapakuwa na baridi.

"Basi polepole," akasema kwa Kiswahili,
bila shoga, bila yangu,
na hakugeuka
hata nilipofunga msuko wa mwisho.